Bahasha ya Kodi na Muhuri wa Posta

Zamani, katika miji mikubwa ya Marekani, usiku wa tarehe 15 Aprili haukuwa kama usiku mwingine. Posta kubwa ziliachwa wazi mpaka saa sita ya usiku, na makarani walisimama nje barabarani wakipokea bahasha kwa madirisha ya motokaa. Hiyo ndiyo siku ya mwisho ya kupeleka hesabu ya kodi ya mapato, na bahasha iliyopigwa muhuri baada ya saa sita ilihesabiwa kuwa imechelewa. Siku hizi zaidi ya watu tisa katika kila kumi hupeleka hesabu zao kwa kompyuta, na usiku ule umepoa. Hata hivyo wako mamilioni ambao bado hutumia karatasi, kalamu ya wino, bahasha na stampu, na miongoni mwao wamo watu wengi waliotoka Afrika ya Mashariki, ambao hawakuichagua njia hiyo bali wamelazimika kuifuata.

Jambo hili humshangaza sana Mkenya afikapo ugenini. Kwao fomu za karatasi zilikwisha kuachwa. Kila mwenye namba ya kodi huingia katika iTax kabla ya tarehe 30 Juni, hata kama hakupata senti moja mwaka mzima, na papo hapo hupewa hati ya kuonyesha kwamba hesabu yake imepokelewa. Sasa afika Marekani, nchi ambayo huko nyumbani husifiwa kwamba kila kitu hufanywa kwa mitambo, naye aambiwa: chapisha karatasi hii, tia sahihi kwa mkono wako, nunua stampu, peleka posta. Wengine hudhani wanafanyiwa mzaha.

Wa kwanza kukutana na mambo haya ni mwanafunzi. Aliyeingia kwa viza ya masomo iitwayo F-1 huhesabiwa na sheria ya kodi kuwa mgeni kwa muda wa miaka mitano ya kalenda, kwa kawaida, na kila mwaka katika hiyo yampasa kupeleka fomu namba 8843. Fomu hiyo haidai fedha. Yaeleza tu siku alizokaa na chuo anachosoma. Lakini ikiwa yaenda peke yake haina njia nyingine ila posta, nayo yapelekwa Austin, mji mkuu wa Texas, isipite tarehe 15 Juni. Kama amekuja na mke na watoto, kila mmoja wao ana fomu yake, hata mtoto mchanga asiyejua kama kuna kitu kiitwacho kodi. Mwanafunzi akipata kazi ya mshahara katika maktaba au jiko la chuo, hapo huandika fomu 1040-NR, na siku yake ya mwisho ni 15 Aprili. Tena, kwa kuwa hakuna mkataba wa kodi ya mapato baina ya Kenya na Marekani, hapati ule unafuu ambao mwenzake kutoka Uchina au Uhindi huupata kwa mkataba wa nchi yake.

Wa pili ni mtu mwenye kazi ambaye mke wake hana namba ya kodi ya Marekani. Akitaka kuandika hesabu moja pamoja na mkewe, yampasa aombe namba kwa fomu W-7, na fomu hiyo huambatanishwa na hesabu yenyewe ya karatasi, pamoja na pasipoti ya mke: ile halisi, au nakala iliyothibitishwa na ofisi iliyoitoa. Kivuli kilichopigwa muhuri na wakili wa mtaani hakikubaliwi. Watu wengi huogopa kuitia pasipoti ndani ya bahasha, na hofu yao si ya kijinga, kwa maana pasipoti yaweza kukaa huko wiki nyingi, na msiba nyumbani haungoji. Kwa mtu kama huyo iko njia nyingine: wako mawakala walioidhinishwa, na baadhi ya ofisi za kodi zenyewe, ambao huitazama pasipoti mbele ya mwenyewe na kumrudishia siku ile ile. Ni ajabu jinsi habari hii isivyojulikana, hali imeandikwa wazi katika maagizo ya fomu.

Tena yuko yule aliyeacha kuandika hesabu kwa miaka mingi na sasa anataka kujisafisha. Kompyuta za serikali hupokea hesabu ya mwaka huu na ya miaka miwili iliyotangulia tu. Ya zamani zaidi ni karatasi.

Idara ya Kodi ya Marekani, ijulikanayo kwa herufi IRS, ilianza kudai hesabu za namna hii baada ya sheria ya 1913. Fomu 1040 za kwanza zilitakiwa tarehe 1 Machi 1914; baadaye siku ya mwisho ikawa 15 Machi, na tangu 1955 ni 15 Aprili. Katika miaka ile ya kwanza iliyohesabiwa ni siku ambayo karatasi imefika mikononi mwa ofisi. Barua ikikwama njiani, mwenye barua ndiye aliyepata hasara, ingawa hakuiendesha gari moshi yeye. Ndipo Bunge la Marekani lilipotunga sheria mpya ya kodi mwaka 1954, na katika kifungu cha 7502 likaweka kanuni ya rehema: kama bahasha ina anwani sahihi na stampu za kutosha, na muhuri wa posta una tarehe isiyopita siku ya mwisho, basi karatasi imepelekwa kwa wakati, hata ikifika wiki moja baadaye.

Kanuni hiyo ni nzuri, na watu wameitegemea kwa zaidi ya miaka 70. Lakini yafaa isomwe kwa macho mawili. Neno linalotajwa ni tarehe ya muhuri, wala si tarehe ambayo mtu aliiachilia barua kutoka mkononi mwake. Tena yasema juu ya barua iliyofika ikiwa imechelewa. Je, ile ambayo haikufika kabisa?

Swali hilo lilijibiwa katika shauri la Bwana Howard Baldwin na Bibi Karen Baldwin, watu wanaojulikana kwa kutengeneza filamu. Mwaka 2007 walipata hasara katika kazi yao, na sheria iliwaruhusu kuipeleka hasara hiyo nyuma hadi hesabu ya mwaka 2005 na kudai warudishiwe kodi waliyokuwa wamelipa. Fedha zenyewe zilikuwa dola 167,663. Siku ya mwisho ya kudai ilikuwa mwezi wa Oktoba 2011. Wao hawakungoja siku hiyo. Mwezi wa Juni, miezi karibu minne kabla, bahasha ilitiwa posta katika mji wa Hartford, Connecticut, kwa stampu za kawaida. IRS wakasema hawakuiona.

Shauri likaenda mahakamani. Watumishi wawili wa Baldwin wakatoa ushahidi kwamba waliipeleka bahasha ile posta. Jaji aliyewasikiliza aliwasadiki, akaamuru fedha zirudishwe. Serikali ikakata rufani, na mwezi wa Aprili 2019 mahakama ya rufani ikatengua hukumu ile. Mahakama haikusema kwamba watumishi wale ni waongo. Ilisema kwamba, kwa kanuni ya Wizara ya Fedha, mtu asiyeweza kuonyesha kwamba karatasi imefika ana ushahidi wa namna chache tu: stakabadhi ya barua ya rejista, au stakabadhi ya barua iliyothibitishwa, au hati ya kampuni ya kuchukua barua iliyokubaliwa na IRS. Kiapo cha mtu mwaminifu hakimo katika hesabu hiyo. Mwezi wa Februari 2020 Mahakama Kuu ya Marekani ikakataa kulisikiliza shauri, na hapo likawa limekwisha.

Liko jambo moja katika shauri hili ambalo ni gumu kulimeza. Kanuni iliyowaangusha ilitangazwa kwa ukamilifu wake mwezi wa Agosti 2011, yaani baada ya bahasha kutiwa posta. Nayo ikasema kwamba yahusu karatasi zote zilizopelekwa tangu Septemba 2004, ambapo ilitolewa kama pendekezo tu. Mwanasheria ataona kwamba hayo yana utaratibu wake. Mtu wa kawaida ataona kwamba mlango ulifungwa na yeye yumo njiani. Lakini iwe haki au isiwe haki, ndivyo ilivyo, na dola chache za posta zingeokoa fedha zaidi ya laki na nusu.

Barua iliyothibitishwa, ambayo kwenye dirisha la posta huitwa Certified Mail, kwa bei za mwaka 2025 ilikuwa dola tano na senti kadhaa juu ya stampu. Karani hubandika kipande chenye namba, huigonga stakabadhi kwa muhuri wa tarehe, na humpa mwenye barua. Stakabadhi hiyo iliyogongwa muhuri ndiyo mali. Stakabadhi isiyogongwa ni karatasi tu, na wengi huondoka dirishani bila kuitazama. Akiongeza fedha kidogo, hurudishiwa kadi ya kijani yenye sahihi ya aliyepokea huko mwisho. (Kadi hii siyo ile kadi ya kijani ambayo kila mgeni huiota usiku, lakini nayo ina faida yake.) Iko pia hati ndogo ya bei nafuu inayoonyesha kwamba posta imepokea barua, hiyo ni bora kuliko kukosa kabisa, ila haina nguvu ya zile mbili katika kanuni iliyotajwa, na asidanganyike mtu kwa kuwa jina lake lafanana.

Sasa limeongezeka jambo jingine, na hili lawahusu hata wale ambao barua zao hufika salama. Tarehe 24 Desemba 2025 Posta ya Marekani iliingiza katika kitabu cha kanuni zake maelezo juu ya muhuri. Yasema kwamba tarehe iliyo katika muhuri yaonyesha kwamba siku hiyo barua ilikuwa mikononi mwa posta, lakini si lazima iwe siku ile ambayo posta iliipokea kwanza. Sababu ni kwamba mihuri mingi hupigwa na mashine katika vituo vikubwa vya kuchambulia barua, wala si katika posta ya mtaani. Na kwa utaratibu mpya wa magari, barua za posta zilizo mbali na vituo hivyo, yapata maili 50 au zaidi, huenda zikalala pale pale mpaka kesho yake kabla ya kuchukuliwa. Kwa hiyo mwenye barua aweza kuwa ametimiza wajibu wake kwa siku, na muhuri ukamshuhudia vibaya.

Mfano ni huu. Tuseme kijana anakaa na shangazi yake, ambaye ni muuguzi, katika mji mdogo wa Minnesota, mwendo wa maili sitini kutoka kituo kikubwa. Asubuhi ya tarehe 15 Aprili atia bahasha yake katika sanduku la barabarani, kisha aenda zake darasani kwa moyo mweupe. Jioni shangazi arudi kazini.

"Ile karatasi ya kodi umekwisha kuipeleka?"

"Ndiyo, shangazi. Nimeipeleka kabla ya saa tatu."

"Nani alikupokea?"

"Nimeitia sandukuni, shangazi."

"Sanduku halina mkono wa kugonga muhuri. Leta kesho twende dirishani."

"Haitatoka tena, shangazi. Imekwisha ingia."

Barua ile huchukuliwa mchana, hulala posta, huondoka asubuhi ya tarehe 16, na mashine huipiga muhuri jioni ya siku hiyo au ya tarehe 17. Kama kijana ana kodi ya dola 400 aliyokuwa hajalipa, adhabu ya kuchelewesha hesabu ni asilimia 5 kwa kila mwezi, na sehemu ya mwezi huhesabiwa kuwa mwezi mzima. Basi siku moja yamgharimu dola 20, pamoja na riba. Kadiri anavyoendelea kukawia adhabu hupanda mpaka asilimia 25. Aliye na fedha za kurudishiwa hapati adhabu hiyo, lakini ana hatari yake mwenyewe: madai yake, kwa kawaida, hufa baada ya miaka mitatu, na akingoja mpaka siku ya mwisho ya miaka mitatu hiyo, muhuri wa kesho yake humnyima zote, wala si asilimia.

Dawa yake si ngumu. Mtu aende dirishani na bahasha yake mkononi, amwombe karani aigonge muhuri kwa mkono mbele yake. Huduma hii hailipiwi. Au anunue stampu pale pale dirishani, kwani kipande kinachochapwa na mashine ya karani huwa na tarehe ya siku ile. Au achukue barua ya rejista au iliyothibitishwa, ambayo, kama ilivyokwisha elezwa, humlinda kwa pande zote mbili. Asiyekuwa tayari kwa hesabu aweza kuomba miezi sita kwa fomu 4868, mpaka 15 Oktoba. Lakini muda huo ni wa kuandika tu, wala si wa kulipa. Wengi hulisahau neno hilo la pili.

Wale wanaoandika kutoka nje ya Marekani, kama vile raia wa Marekani aliyehamia Mombasa, wana nafasi zaidi kidogo. Raia anayeishi na kufanya kazi nje hupewa mpaka 15 Juni bila kuomba, ingawa riba ya kodi isiyolipwa huanza kuhesabiwa tangu Aprili. Muhuri wa posta ya nchi ya kigeni nao huheshimiwa. IRS walitoa uamuzi huo mwaka 2002. Mtu akipeleka hesabu bila malipo yaenda Austin. Akitia hundi ndani yaenda Charlotte, North Carolina, kwa sanduku la posta. Hapa ndipo penye mtego. Kampuni kama DHL, FedEx na UPS haziwezi kupeleka kitu katika sanduku la posta. Kwao hutakiwa anwani ya mtaa, ambayo IRS wameitaja mbali. Tena si kila huduma ya kampuni hizo imekubaliwa, bali zile tu zilizo katika orodha. Aliyelipa fedha nyingi jijini Nairobi kwa huduma isiyo katika orodha amenunua mwendo wa haraka, lakini hakununua ulinzi wa kifungu cha 7502.

Anwani zenyewe hubadilika. Kituo cha Covington katika Kentucky kiliacha kupokea hesabu za karatasi mwaka 2019, na kile cha Fresno katika California mwaka 2021. Mtu anayenakili anwani kutoka fomu ya miaka mitano iliyopita, au anayeuliza kwa rafiki, huipeleka barua yake katika nyumba isiyo na mwenyewe. Atazame maagizo ya mwaka ule ule.

Yafaa pia ifahamike mambo yanayoipata bahasha baada ya kufika, maana asiyeyajua hukasirika bure. Kwanza hufunguliwa na kupangwa. Makarani huketi mbele ya meza zenye vijisanduku pande zote, ziitwazo meza za Tingle, na hutenga hundi upande huu, fomu upande ule. Bahasha tupu huangaliwa juu ya taa isije ikawa imebaki hundi ndani yake. Kisha karatasi hupigwa muhuri wa tarehe, hupewa namba, husomwa na karani anayetia alama, ndipo hufika kwa mpiga chapa ambaye huingiza tarakimu moja moja katika kompyuta. Mtu aliyepeleka kwa kompyuta hurudishiwa fedha zake, mara nyingi, katika siku 21. Mwenye karatasi huambiwa angoje wiki sita au zaidi.

Na "zaidi" hiyo imewahi kuwa ndefu mno. Mwaka 2020, kwa ajili ya ugonjwa wa korona, vituo vilifungwa tangu mwisho wa Machi, na barua zikarundikwa katika matela ya malori zikingoja watu warudi. Lundo hilo halikwisha upesi. Mwezi wa Desemba 2021 zilikuwapo fomu milioni 6 za watu binafsi ambazo hazijashughulikiwa, na barua zipatazo milioni 5. Mwisho wa Mei 2022, Mtetezi wa Walipa Kodi, Bibi Erin Collins, alilieleza Bunge kwamba hesabu za karatasi za kila namna zilizongoja zilikuwa milioni 21.3. Mwaka huo waandishi wa magazeti walioingia kituo cha Austin waliukuta ukumbi wa kulia chakula umejaa mikokoteni ya karatasi. Nyuma ya takwimu hizo walikuwako watu waliongojea fedha za kodi ya nyumba na karo za watoto kwa mwaka mzima. Makarani wa Austin hawakuwa wavivu. Kazi iliwazidi watu, na mitambo waliyokuwa nayo ilikuwa ya zamani. Lakini yule anayengoja hana namna ya kuliona hilo.

Yako makosa madogo ambayo hukawiza bahasha hata katika mwaka mzuri. La kwanza ni kukosa sahihi. Hesabu isiyotiwa sahihi si hesabu kwa sheria, na ya mume na mke yataka sahihi mbili. La pili ni stampu: mtu huweka stampu moja juu ya bahasha yenye karatasi kumi na tano, na posta humrudishia baada ya siku ya mwisho kupita. Apime uzito dirishani. Hati ya mshahara, iitwayo W-2, huambatanishwa mbele ya fomu. Hundi huandikwa kwa jina la United States Treasury, na juu yake huandikwa namba ya mwenyewe, mwaka wa kodi na namba ya fomu, nayo isipigwe pini na karatasi nyingine. Anayesahihisha hesabu za miaka miwili au mitatu kwa fomu 1040-X atumie bahasha moja kwa kila mwaka. Kuzitia zote pamoja ili kuokoa stampu ni kuzitafutia msiba mmoja. Na kabla ya kuifunga bahasha achukue nakala ya kila ukurasa, pamoja na sahihi, aiweke pamoja na stakabadhi ya posta mahali pasipofikiwa na watoto wala maji.

Kwa habari ya fedha za kurudishwa, mazoea ya kungojea hundi ya karatasi yaanza kwisha. Tangu tarehe 30 Septemba 2025 serikali ya Marekani ilianza kuziondoa hundi hizo, na mtu hutakiwa aandike katika fomu namba ya akiba yake ya benki. Akikosea tarakimu moja, hapo huanza barua nyingine na safari nyingine ya posta.

Akiisha kufanya hayo yote, asiwe na haraka ya kuulizia. Habari za hesabu ya karatasi hazianzi kuonekana katika mtandao wa IRS mpaka wiki nne zipite tangu ilipopelekwa. Wako wanaokata tamaa katika wiki ya tatu, wakaandika hesabu ya pili iliyo sawa na ya kwanza na kuipeleka kwa bahasha nyingine. Karani wa Austin akizikuta mbili za mtu mmoja, huziweka zote kando mpaka ijulikane ipi ndiyo ya kweli.